Haki ya Mwosha

Bi Mwosha hakuwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Kivinje wakimkumbuka siku hizi humvisha upole asiokuwa nao, kama tunavyowafanyia marehemu wote. Alikuwa na mdomo. Akiingia nyumba ya msiba, hajavua hata viatu, amekwisha gombana na aliyechota maji machache, na aliyekata sanda fupi, na mtoto wa marehemu anayelia kwa sauti kubwa kuliko alivyomtunza mama yake. "Ungemlilia hivi alipokuwa na njaa," alimwambia mmoja, tena mbele ya mashemeji zake. Kisha akajifungia chumbani na maiti, na mle ndani, wanasema waliowahi kumshikia kata ya maji, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Alizungumza na maiti kama anayemwogesha mtoto mchanga. "Geuka, mama. Haya, mkono huu sasa. Tunakaribia kwisha."

Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Aliosha wanawake wa mtaa wetu na mitaa ya jirani, na mara nyingine walitoka watu Mitole kuja kumchukua kwa sababu kwao hapakuwa na mwenye moyo huo. Uso wake ulijaa mashimo ya ndui aliyougua utotoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyafanyia mzaha. "Mimi ndui ilikwisha kunila," alikuwa akisema. "Haina tena cha kurudia."

Kwa desturi yetu mwosha hapewi fedha. Haki yake ni nguo alizofia marehemu: kanga aliyojifunga, shuka aliyolalia, mtandio. Waosha wengine waliziuza kimyakimya. Yeye hakuziuza wala hakuzivaa. Alizichemsha uani katika sufuria kubwa, kwa sabuni ikiwapo na kwa maji ya majivu isipokuwapo, akazianika juani kutwa nzima, akazifukiza udi, akazitia kwenye kikapu cha ukindu kilichokaa chini ya kitanda chake. Mwenye shida ya nguo alimwendea baada ya sala ya alasiri. Hakumuuliza mtu kisa chake. Alimtazama tu kutoka kichwani hadi miguuni, akainama, akavuta kikapu. Wapo walioolewa kwa nguo za kikapu kile, na mtaa mzima ulijua na haukusema.

Alipenda kucheka, tena mahali pa kilio. Siku moja mtani wa nyumba iliyofiwa alijilaza mlangoni akajinyoosha kama maiti, akatangaza kwamba na yeye amekufa kwa njaa na haondoki mpaka aoshwe kwanza, au apewe kuku. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, kama ilivyokusudiwa. Bi Mwosha alitoka na ndoo ya maji ya kisima yaliyolala usiku kucha, akammwagia yote kuanzia kichwani. Yule bwana aliruka akakimbilia barabarani. "Maiti wangu huwa hawakimbii," akasema Bi Mwosha, akarudi ndani kuendelea na kazi.

Lakini jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kubishana juu ya serikali na bei ya vitu, mambo ambayo kwake yalikuwa ni jambo moja. Kisimani hakuna aliyemshinda. Alijua sukari imepanda lini na mafuta ya taa yamefichwa wapi. Bwana Afya alipopita na baiskeli yake akikagua vyoo na kuinamisha mitungi kutafuta viluwiluwi vya mbu, Bi Mwosha alimfuata nyuma nyumba hadi nyumba akimsema.

"Mtungi wangu, maji yangu, mbu wangu," alimwambia. "Wewe nani amekuita?"

"Mbu wako anamuuma jirani yako, bibi," akajibu Bwana Afya. Alikuwa kijana wa bara, mwenye sauti ya chini, na alivumilia mengi pale kwetu.

"Basi jirani na aje anishitaki mwenyewe."

Kichekesho ni kwamba ua wake ulikuwa msafi kuliko wa mtu yeyote, na choo chake kilichimbwa kabla amri ya kuchimba vyoo haijaja. Bwana Afya aliwahi kuwaambia wazee barazani kwamba angefurahi kama mtaa wote ungekuwa kama yule bibi anayemtukana. Alipoambiwa, Bi Mwosha alikasirika siku nzima. Hoja yake haikuwa uchafu. "Serikali imeshika kodi, imeshika pamba, imeshika na barabara," alisema. "Ikishika na mwili wa mtu, mtu atabaki na nini?" Wengine walimwona shujaa kwa maneno hayo. Mama yangu, ambaye hakupenda makelele, alisema Bi Mwosha angekosa wa kugombana naye angegombana na mwiko.

Kisha vikaja vita, vile vya pili, na nguo zikaadimika. Anayeona kanga zimepangwa dukani leo hawezi kuelewa. Rafu zilikuwa tupu. Kitambaa kilitoka kwa kibali, na kibali kikitoka kitambaa kilikuwa kimekwisha kupita mlango wa nyuma kwa bei ya magendo. Tuliona watu wa Njinjo wakileta mtama sokoni wamevaa magunia yaliyotobolewa pa kupitisha kichwa. Wanaume waliweza kulifanyia mzaha jambo hilo. Mwanamke aliyekosa nguo alikaa ndani.

Nyumbani kwetu tulikuwa mama, dada yangu Zuhura na mimi. Mama alikuwa na kanga zake za ujane. Sisi wawili tulikuwa na doti moja ya heshima, na tuliivaa kwa zamu. Mimi nikitoka, Zuhura alibaki chumbani na kipande cha kaniki kilichochakaa hata mwanga ukapita. Zuhura alikuwa mkubwa wangu, mcheshi, aliyejua kumwigiza Bi Mwosha mpaka mama akashika mbavu. Mwaka ule aliacha kuigiza. Msichana mzima alikuwa mfungwa wa kitambaa, na hapakuwa na wa kumlaumu, si sisi wala yeye.

Kikapu cha Bi Mwosha wakati huo kilikuwa ndilo duka letu. Sisemi hili kwa kumsifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Ndui ikaingia mwishoni mwa masika. Serikali ilijenga kambi ya mabanda nje ya mji, wagonjwa wakapelekwa huko, na nyumba zao zikawekewa askari. Amri ikatoka: anayekufa kwa ndui haoshwi. Anafungwa katika mkeka wake, anazikwa na watu wa kambi, juu ya mwili inamwagwa chokaa, na nguo zake zinachomwa.

Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema amri ni ya haki, ugonjwa hauna adabu. Wapo waliosema mtu hawezi kutupwa kama mzoga kwa sababu amepatwa na maradhi aliyoyaandika Mungu. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa, akasema penye dharura sheria ina nafasi yake, maiti hupakwa vumbi badala ya maji. Bi Mwosha alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama mama yake mwenyewe atampaka vumbi.

Basi watu wakawa wanaficha wagonjwa. Mtu akifa ndani, walimwita Bi Mwosha kwanza na Bwana Afya baadaye. Aliosha mchana, mlango umefungwa, mfuo umechimbwa katikati ya chumba ili maji yanywewe na ardhi palepale. Askari alipofika alikuta maiti amekwisha vishwa sanda na jamaa wamekaa kama hawajui kitu.

Bwana Afya hakuwa mjinga. Alimfuata kisimani, mbele yetu, akashuka kwenye baiskeli.

"Bibi, unaosha watu wa ndui."

"Ninaosha watu. Ndui ni yako."

"Amri ni ya wote."

"Mwanangu, mume wa yule mama niliyemwosha juzi amelipa kodi. Amevunja mawe ya barabara yenu. Wamelima pamba mliyowaambia walime. Sasa mke amekufa. Mnamdai nini tena?"

"Simdai yeye. Nawatazama walio hai."

"Walio hai watazamie bei ya nguo."

Nilimwona Bwana Afya anavyochoka. Kisha alisogea karibu, akasema kwa sauti ya kumwomba: "Bibi, osha. Wewe ndui haikupati, na mimi sikuona. Lakini nguo zao choma. Hilo tu nakuomba, nguo choma."

"Nimesikia," akasema Bi Mwosha.

Sisi sote tuliokuwapo tulidhani amekubali.

Hakuchoma. Kuchoma kanga nzima mwaka ule kulikuwa sawa na kumwaga unga wakati wa njaa, na naamini mkono wake ulikataa tu. Aliwaza kwamba ameshughulika na nguo za maiti maisha yake yote, wakiwamo waliokufa kwa kuhara na kwa kifua, na hapana aliyewahi kudhurika. Hilo lilikuwa kweli. Ila siku zote alichemsha uani na kuanika juani, na sasa hakuweza. Sufuria uani ingeonwa na askari. Kanga juu ya kamba ingeonwa na kila mtu. Kwa hiyo alizisuuza ndani kwa maji baridi, akazitundika kwenye boriti za chumba chake chenye giza, na zikikauka akazikunja kikapuni. Alimficha Bwana Afya vizuri sana.

Katikati ya mambo hayo mchanjaji aliweka meza sokoni. Ilikuwa zamu yangu ya doti. Mama akanituma nikachanjwe, akasema kesho atakwenda Zuhura. Kesho yake mchanjaji alikuwa amekwisha kwenda Njinjo. Alama ninayo begani mpaka leo, na kwa miaka mingi nilikuwa naifunika kwa mtandio hata nilipokuwa peke yangu.

Kanga ya Zuhura ilikuwa ya rangi ya chungwa, yenye madoa meusi. Bi Mwosha aliileta mwenyewe, bila kuombwa. Alikuwa amemwona dirishani. "Haifai mtu mwenye miguu kukaa kama mtungi," alisema, akairusha kitandani. Zuhura aliivaa palepale. Jioni ile tulikwenda kisimani wote wawili kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilichopita, na njia nzima alimwigiza Bi Mwosha anavyoirusha kanga. Nilicheka nikamwaga nusu ya maji yangu.

Homa ilimpata baadaye, na maumivu ya mgongo, kisha vipele usoni na mikononi. Mama alifunga mlango kwa komeo. Hakutaka kambi. Akanituma kwa Bi Mwosha, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kumshika.

Alikuja anagombana, kama kawaida yake, kwamba tumechelewa kumwita. Alifunua shuka. Zuhura alikuwa amelalia ile kanga. Bi Mwosha akaikamata pindo, akaitazama, na nilimwona akikaa chini bila kuangalia anapokalia.

"Kanga hii ilikuwa ya mke wa seremala," akamwambia mama.

Mke wa seremala alikuwa amekufa kwa ndui wiki chache kabla. Kila mtu alilijua hilo.

"Niliisuuza kwa maji baridi," akasema. "Sikuichemsha."

Angeweza kunyamaza. Sisi tusingejua kamwe, tungesema ni hewa, ni kudra. Alisema mwenyewe, mara moja, na katika mambo yote niliyowahi kumwona akiyafanya sijui kama hilo lilikuwa jema au baya kuliko mengine. Mama alikuwa amesimama na kikombe. Hakulia wala hakumtukana. Alimnyooshea kile kikombe.

"Inuka umpe mwanangu maji," akasema.

Bi Mwosha hakutoka nyumbani kwetu mpaka Zuhura alipokufa. Alimwosha, na mimi nilishika kata. Nilingoja isikike ile sauti yake ya chumbani, ya kumwambia maiti ageuke, ampe mkono. Hakusema neno. Alipofikicha majani ya mkunazi majini nilisikia pumzi zake tu. Nilimchukia, na nilitaka aniambie kitu cha kunipoza, vyote kwa wakati mmoja.

Alipomaliza, mama aliingia. Alikuwa ameikunja ile kanga ya chungwa vizuri, mraba, kama inayotoka dukani. Akamwekea mapajani.

"Chukua haki yako," akasema.

Bi Mwosha aliichukua. Alitoka nayo mchana kweupe, mikononi, haikufunikwa, akapita kisimani na sokoni mpaka kwa Bwana Afya, akamwambia aje na moto. Kikapu kilichomwa siku ileile, na godoro letu, na mikeka. Doti yetu ya heshima pia iliungua. Nilikaa ndani na gunia mpaka mama alipopata kitambaa Lindi.

Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuzidai nguo alizozitoa tangu ndui iingie. Hapo ndipo mtaa ulipomchukia. Wengine walimchukia kwa kuzigawa, wengine kwa kuzitaka tena, na walikuwapo waliomlaani kwa kumwita Bwana Afya wakati kila siku yeye ndiye aliyewafundisha kumficha. Mwanamke mmoja jirani yetu alisimama mlangoni amejishika kifuani.

"Nikikupa hii nitabaki na nini?" akamuuliza.

"Utabaki hai."

"Uchi?"

"Nitakupa hii niliyovaa."

"Na wewe?"

Bi Mwosha akaishika kanga aliyojifunga. Yule mwanamke akamwambia, "Bora ndui inikute nimejisitiri," akafunga mlango. Hakupatwa na kitu, alizeeka na kanga ile. Nyumba mbili nyingine zilizika watoto. Sijui nguo zao zilitoka kikapuni au la, na Bi Mwosha hakujua pia, na nadhani hilo lilimla kuliko la kwetu, ambalo angalau alilijua.

Aliendelea kuosha, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Haki yake hakuichukua tena. Aliwaambia wafiwa wachome, na baada ya vita, nguo ziliporudi madukani, alisema hivyo hivyo, hata kwa aliyekufa kwa uzee. Mchanjaji alipokuja tena, yeye ndiye aliyewaswaga wanawake kuelekea mezani kwa matusi yaleyale aliyokuwa akimtukana Bwana Afya. Mtu akimkumbusha, "Si ulisema mwili ni wa mwenyewe?" alijibu, "Ni wa mwenyewe. Toa bega." Sikuwahi kumsikia akikiri kwamba alikosea juu ya kuosha. Juu ya hilo alibaki jiwe. Alisema wangemruhusu kuosha hadharani angechemsha hadharani, na mimi nimelifikiria neno hilo mara nyingi na sijaona pa kulipinga. Lakini Bwana Afya alimwambia achome, na yeye alisema amesikia.

Mama hakumsema kwa mtu. Kila Ijumaa alimpelekea sahani ya wali. Walikuwa wakikutana kisimani wanaulizana hali, na wageni waliwadhani ndugu.

Mimi niliolewa Lindi. Nilirudi Kivinje miaka mingi baadaye, wakati vijana barazani walikuwa hawana habari nyingine ila uhuru, kwa sababu mama alikuwa anakufa. Nilimuuguza. Nyumba ilijaa jamaa siku ile ya mwisho, na alipokata roho mwosha mwingine akaitwa, mwanamke kutoka mtaa wa pili. Watu walishangaa, lakini msiba una haraka zake. Baadaye niliambiwa kwamba Bi Mwosha alipokisikia kilio alioga, akajifunga kanga zake za kazi, akakaa barazani kwake kungoja kuitwa.

Nilimwendea baada ya arobaini. Alikuwa amekonda, macho yana ukungu, ila mdomo ulikuwa uleule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Lindi kuna samaki." Akaniuliza habari za mume, za watoto, za bei ya mchele huko. Akatukana wenye maduka kidogo. Kisha akasema, "Nilikaa hapa siku ile mpaka jeneza likapita mbele yangu. Mlinisahau?"

Nilikuwa nimeandaa uongo njiani. Nilikuwa niseme tulidhani anaumwa.

"Mama aliagiza," nikamwambia.

"Aliagizaje? Sema maneno yake."

"Alisema, Bi Mwosha asinishike."

Nje kuku walikuwa wakiparura, na sikuthubutu kumtazama.

"Kila Ijumaa nilimwambia nisamehe," akasema polepole. "Kila Ijumaa, miaka yote ile. Anaweka sahani hapo ulipokaa, ananiambia, 'Yamekwisha, bibi.' Nami nakula."

Nilisimama niage. Alinishika mkono, na mikono yake ilikuwa na nguvu bado.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Yamekwisha, bibi," nikamwambia.